Vidonge vya Siku Mbili

Vudee, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Nakiete mwanangu,

Upo hapo nje, nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sanduku lisilofungika, na mimi nimejifungia chumbani nakuandikia kana kwamba umeshafika Moshi. Usinicheke. Yapo maneno ambayo nikikutazama usoni nitayageuza kuwa mzaha, unanijua, kwa hiyo nimeona niyaweke kwenye karatasi. Nitakupa barua hii kesho stesheni ya Same, na nitakuomba usiifungue mpaka treni ipite Lembeni, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kuniuliza.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Sabuni, shuka, kanisa la Jumapili, kutokula vya njiani, hayo mama yako ameshayasema mara tatu na kesho atayasema ya nne. Kuhusu kupika siongezi neno. Watu wa Moshi watayavumilia makande yako yaliyoungua kama tulivyoyavumilia sisi. Mimi nataka kukuandikia juu ya mstari mmoja tu wa ile barua yako ya kazi.

Juzi uliisoma kwa sauti mezani, ukiwa umesimama kama mhubiri. Ukafika pale panaposema kwamba duka la dawa utakalofanyia kazi hulipwa na serikali kwa kila cheti cha mgonjwa kinachohudumiwa, na kwamba msaidizi wa mpima dawa ataongezewa kitu juu ya mshahara vyeti vikiwa vingi. Ukacheka kwa furaha, ukasema, "Baba, basi nitapima mpaka usiku." Mama yako akainuka akaenda jikoni kutazama moto. Jikoni hapakuwa na moto. Wewe hukuona, lakini mimi niliona, na tangu juzi sijalala vizuri.

Jana nilimwuliza, "Nimwambie?" Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie wewe, Baba Nakiete. Mimi nitampa shuka." Kwa hiyo nakuambia.

Unajua nimepima dawa Same tangu hujazaliwa. Usichokijua ni namna tulivyokuwa tukilipwa. Mtu wa milimani asiye na fedha alikwenda kwa dresa, mtibabu wa zahanati ya kwao, dresa akamwandikia cheti, jina la dawa na siku za kuitumia. Cheti kikashuka Same dukani kwetu. Mimi nikapima, nikafunga kwenye karatasi, aliyekuja kuchukua akapiga dole gumba nyuma ya cheti. Mwisho wa mwezi tajiri wangu, mwenye duka, alivifunga vyeti vyote kwa uzi akavipeleka ofisi ya baraza, na hazina ya wenyeji, yaani kodi zetu wenyewe, ikalipa. Dawa ililipwa kwa bei ile ile tuliyonunulia, hapakuwa na hata senti moja juu yake. Faida yetu ilikuwa kwenye kazi ya mkono, nami nilipata fungu langu juu ya mshahara. Kila cheti chenye dole kilikuwa na ujira wake, na ujira ulikuwa mmoja, kiwe cha vidonge vinne au cha vidonge arobaini.

Basi ukaja wakati wa vita. Meli zilichelewa, dawa zikaadimika. Serikali ikaongeza kanuni: duka likipungukiwa, limpe mgonjwa sehemu ya dawa, kisha akija kuchukua iliyobaki aandikiwe cheti cha nyongeza, nacho kilipiwe ujira kama cheti kipya, maana kazi ya kufunga inafanyika mara mbili. Ilikuwa kanuni ya haki kabisa. Aliyeitunga alikuwa akimfikiria mpima dawa mnyoofu. Hakunifikiria mimi.

Nilikuwa kijana, nina mke na mtoto mmoja mgongoni kwake, mtoto mwenyewe wewe, na nilijiona nina akili kuliko Same nzima. Siku moja nikamwambia tajiri, "Kwa nini tusubiri tupungukiwe? Tuwape wote siku mbili mbili, tuseme dawa ni haba, warudi gulio lijalo." Usimlaumu yule mzee wa watu. Aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Wewe ndiye unayejua dawa. Haitawadhuru?" Nikamwambia haitawadhuru. Sikusitasita hata kidogo, na kwa hakika niliamini nilichosema.

Niliamini kwa sababu nilifikiri kama mtu wa huku. Wewe umekulia kando ya ndiva ya babu yako Mbonea. Unajua maji yanavyolala bwawani mpaka likajaa, asubuhi kizibo kikatolewa, mfereji ukaenda kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna shamba linalokufa. Nikasema dawa nayo ni hivyo hivyo. Chupa moja kubwa ya vidonge, milima mizima ina wagonjwa, basi kila mmoja apate kidogo kwa zamu yake. Ukiniuliza leo kama nilifanya vile kwa ajili ya watu au kwa ajili ya ile nyongeza ya mshahara, nitakujibu kwamba vyote viwili vilikaa pamoja vizuri sana, wala havikugombana. Vyeti vilikuwa mara tatu ya vya mwanzo. Nilinunua baiskeli. Kila nilipopanda nayo huku juu, watoto waliikimbilia, nami nikapiga kengele kwenye njia isiyo na mtu mwingine.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe.

Masika ya mwaka ule mama yako alishikwa na kichomi. Mimi nilikuwa Same, nililala dukani siku za kazi. Dresa wa huku akamwandikia cheti, vidonge vya kichomi, siku sita. Ulikuwa utaratibu wa kitongoji chetu kwamba siku ya gulio mtu mmoja tu anashuka na vyeti vya wote, kwa zamu, ili wengine wabaki na kazi zao. Zamu ilikuwa ya Mama Joeli, jirani yetu huyu huyu wa ng'ambo ya mfereji. Akaja dukani na vyeti kumi na kimoja kwenye pindo la kanga. Nikavipanga mezani, nikaanza kupima kama kawaida, siku mbili, siku mbili, siku mbili. Kilipofika cha mwisho akanishika mkono.

"Baba Nakiete, hiki ni cha mkeo. Amelala tangu juzi. Alinikataza nisikutie wasiwasi, lakini mimi nakwambia."

Nikakisoma. Jina lake, mwandiko wa dresa uliolala upande, siku sita. Chupa ya vidonge ilikuwa mbele yangu, na ilikuwa imejaa zaidi ya nusu.

"Ana homa kali?" nikauliza.

"Anaongea peke yake saa nyingine. Mpe za kutosha, baba."

Tajiri alikuwa pale kwenye kiti chake, lakini hakuwa ananitazama, alikuwa anapunga nzi. Hakuna aliyenizuia, mwanangu. Nataka ulijue hilo vizuri. Ningeweza kumpimia mke wangu siku sita na mtu asiseme neno. Nikahesabu vidonge vya siku mbili, nikavifunga, nikampa Mama Joeli. Na unajua nilijisikiaje? Nilijisikia mtu mwema. Nilisema moyoni, watu kumi wamepata siku mbili, na mke wangu kapata siku mbili, sina upendeleo. Nikamwambia Mama Joeli, "Mwambie atapata nyingine gulio lijalo, kama wote." Akapiga dole gumba mara kumi na moja, akaenda zake.

Dawa ile ilikuwa nzuri. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu mama yako aliamka, akanywa uji, akasema amepona, na vidonge havikuwepo vya kumwambia vinginevyo. Siku ya nne pembe ilipigwa ya msaragambo, watu wote watoke kuondoa tope kwenye ndiva, na unamjua mama yako. Hajawahi kukaa ndani wengine wakifanya kazi ya pamoja. Akaingia majini mpaka magotini pamoja na wenzake. Jioni ile kichomi kilimrudia, na safari hii hakikuja kupiga hodi.

Waliponiletea habari niliichukua ile chupa nzima, sikuomba ruhusa, nikapanda. Baiskeli niliiacha njiani kwenye mwinuko, ilikuwa inanichelewesha. Nilimkuta babu yako amekaa kizingitini, na wewe umelala mapajani pake. Dresa alikuwa ameshafanya aliloweza. Kwa majuma matatu hatukujua kama mama yako ataishi. Aliishi. Lakini pafu la kushoto halikurudi kama lilivyokuwa, na halitarudi.

Sisi tulikuambia ni baridi ya mlimani ndiyo iliyomharibu kifua. Uliuliza ukiwa mdogo, nikakujibu hivyo, ukaamini, na mimi nikaacha uamini miaka yote hii. Hujawahi kumsikia mama yako akiimba. Wewe unamjua kama mtu anayefuatisha nyimbo kwa midomo tu. Waulize watu wa rika langu hapa Vudee: yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, na wanaume waliokuwa wamesimama nje wakiongea habari za ng'ombe walikuwa wakiingia ndani. Nami niliingia hivyo hivyo. Nilimwoa kwa ajili ya sauti ile, halafu nikampa vidonge vya siku mbili.

Alipoanza kupata nafuu nilikwenda kwa babu yako kusema niliyoyafanya. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kupeleka mahari. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba, mkwe wangu," nikakaa, nikamweleza yote, vyeti, nyongeza, chupa iliyojaa zaidi ya nusu. Nikamweleza na hoja yangu kwamba niligawa kama maji ya ndiva. Nilitegemea angalau pale atanielewa.

Akaendelea kuchonga. Kisha akaniuliza, "Nikishafungua kizibo cha ndiva, nakifunga lini?"

"Zamu ya mtu ikiisha, baba."

"Zamu yake inaisha lini?"

Nikafikiri. "Maji yakifika mwisho wa shamba lake."

"Na nikifunga yakiwa bado njiani, ili kesho yake nimfungulie tena kidogo?"

"Yatanywewa na udongo wa mfereji."

"Na shamba?"

Niliinama nikaokota vipande vya mti alivyovichonga. Akasema, "Umekaa Same mpaka umesahau maji," akarudia mpini wake. Hakunitukana wala hakunifukuza. Kabla sijaondoka alinipa kibuyu cha uji nimpelekee binti yake, kama vile nilikuja kusalimia tu.

Nilishuka Same na maneno yale. Nilikuwa nimezaliwa kwenye mfereji, nikachukua utaratibu wa wazee wangu nusu nusu, ile nusu iliyoninunulia baiskeli. Zamu nilikuwa naijua. Mwisho wa shamba niliusahau.

Baiskeli niliiuza. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo najivunia, na sitalificha kwa unyenyekevu. Nilikwenda ofisi ya baraza, peke yangu, nimevaa koti la harusi yangu, nikamwona karani wa hazina. Nikamwambia naomba kanuni ibadilike: ugonjwa mmoja ulipiwe ujira mara moja tu, na ulipwe dawa ikishatolewa yote. Duka likipungukiwa, liimalizie kwa cheti kile kile, bila dole jipya.

Karani akavua miwani. "Wewe si mpima dawa wa duka lile? Unakuja kuomba mlipwe pungufu?"

"Naomba tulipwe kazi ikiisha."

"Tajiri wako anajua uko hapa?"

"Atajua jioni."

Alicheka mpaka akakohoa, lakini aliandika. Ombi lilichukua miezi, likapanda kwa mkubwa huyu na yule, na likarudi limekubaliwa kwa upande wetu wa milima. Tangu siku ile hapakuwa na faida tena ya kumrudisha mgonjwa njiani. Tajiri hakunisemesha kwa wiki mbili, hata chai alinisukumia mezani bila neno. Wiki ya tatu kikaja cheti ambacho hakuna mtu Same aliyeweza kusoma mwandiko wake isipokuwa mimi, na akalazimika kuniita jina. Tumekaa naye salama mpaka leo. Mshahara wangu ulirudi kuwa mdogo, na wewe umesoma kwa mshahara huo huo mdogo, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie haiwezekani.

Nakuandikia haya si kwa sababu nina mashaka nawe. Sina. Ulipokuwa na miaka tisa ulikaa nami dukani siku moja ya likizo, ukanitazama nikihesabu, ukasema mbele ya wateja, "Baba, umeruka kimoja." Nilikuwa nimeruka kweli. Nikakuonea aibu na fahari kwa pamoja, nikakununulia sukari guru. Macho yale unayo bado. Mpima dawa mwenye macho hayo hahitaji kutishwa.

Lakini najua pia kwamba akili yako ni kali kuliko yangu, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu. Huko Moshi sidhani utakutana na mtu mbaya atakayekuambia uibe. Huyo ungemjua mlangoni. Utakutana na kanuni nzuri iliyoandikwa na watu wema, yenye tundu dogo pembeni, na wewe utaliona tundu hilo kabla ya tajiri wako, kabla ya karani, kabla ya serikali yenyewe. Utajisikia mwerevu, na utakuwa mwerevu kweli. Siku hiyo mkumbuke Mama Joeli akipiga dole gumba mara kumi na moja.

Mimi tangu wakati ule nina desturi moja, na watu hudhani ni maongezi tu. Kila anayesimama mbele ya meza yangu namwuliza anatoka wapi kabla sijaanza kuhesabu. Chome, ananijibu, au Bombo, au hapa hapa Same nyuma ya stesheni. Nikishasikia jina la mahali naiona njia yote atakayorudi nayo, na mkono wangu unahesabu mpaka mwisho. Ukitaka, ichukue. Ukipata yako iliyo bora, niandikie.

Usimwandikie mama yako barua ya kumpa pole. Hapendi. Aliniambia zamani, siku nilipomwomba msamaha kwa mara ya kumi au zaidi, "Umeshasema. Sasa nenda ukachote maji." Nimekuwa nikichota maji mimi tangu siku ile, na majirani wamenicheka miaka yote, mwanamume na ndoo. Sasa unajua na hilo. Mwandikie habari za kazi, mwandikie umepima nini na kwa nani, hizo atasomewa hata mara tano.

Nakusikia sasa sanduku limekubali kufungwa, na mama yako anakuambia uongeze sweta. Ongeza.

Ukiwa unasoma mstari huu, treni imeshapita Lembeni. Asubuhi, nayajua hata kabla hayajatokea, mama yako alikusindikiza mpaka kwenye ndiva, akaketi kwenye lile jiwe la kizibo, akakuambia viatu vinambana, nenda tu na baba yako. Husema hivyo kila mara, na wewe humwamini kila mara. Viatu vile nilimnunulia mimi, Nakiete, navijua. Vinampwaya kwa kidole kizima. Pale kwenye jiwe ndipo pumzi yake inapoishia, na ndipo vidonge vyangu vya siku mbili vilipomfikisha.

Wapimie watu wafike nyumbani, mwanangu.

Ni mimi baba yako